Uyoga na Sungura wa Jirani

Kila mvua ikinyesha, jirani wa Mama Annick, mzee mlinzi wa uwanja wa gofu wa Nyarutarama, hurudi nyumbani Gatsata na uyoga wa porini ndani ya kofia na sungura ndani ya koti. Sungura ni wake peke yake. Uyoga huwagawia majirani, akiufuta kwa kidole gumba uchafu asiouona mtu mwingine.

"Mama Annick, huu na sungura ni nyama ile ile. Tofauti ni miguu tu," humwambia.

Leo Mama Annick aliupika, akawazuia watoto wasiuguse, akaenda kubisha kwa mzee na sahani.

"Mzee, onja wewe kwanza. Nisije nikazika watoto."

"Aa, mama, ni Kwaresima, na huo si ni nyama?" mzee alijibu kutoka ndani.

Harufu ya sungura wa kuchoma ilipita chini ya mlango. Mama Annick alisubiri mpaka uyoga ukapoa, na mlango haukufunguliwa.