Fundi wa Plafo

Fundi yule wa plafo, yaani dari, husema na kuta. Misumari huibana midomoni, kwa hiyo maneno humtoka upande mmoja wa mdomo, na Mama Claudine, aliyemwita afunike kwa ubao pengo kati ya triplex ya dari na ukuta wa sebule, huelewa nusu tu na kucheka yote. "Pole, papa," fundi anaunong'oneza ukuta, huku akiupapasa kwa vidole vilivyokauka kwa kole, gundi ya mbao. Ukuta huo aliujenga marehemu mume wa Claudine kwa mikono yake, na huko juu umetoka tumbo kama mtu aliyeshiba pondu. Shemeji wa Claudine, Gédéon, alikuja akautazama, akasonya.

"Bokilo, ubao ulionyooka hautakaa hapo. Bon, tuubomoe, tujenge mwingine."

Mgongo wa Claudine ulikuwa umeshaegemea ukuta. Fundi alipanda kiti, akashikilia ubao juu kwa kiganja, akaiburuta kalamu ya risasi kuufuata ukuta mpaka tumbo lile likajichora lenyewe kwenye ubao. Akashuka, akaranda, akapuliza vumbi, akapanda kujaribu, akashuka tena.

"Unaubembeleza kama bibi arusi!" Gédéon alimtania.

"Tonton, huyu iko muzee. Acha mbao njo imufuate."

Msumari wa mwisho ulipoingia, Claudine aliinua macho. Ubao ulipinda pale pale mume wake alipoupindisha ukuta, na giza la pengo halikuonekana popote.

"Bokilo, vuta kiti," alimwambia Gédéon. "Leo utakula hapa, chini ya ukuta huu."