Hoteli Tuliyomchagulia Ayuma

Kwa miaka ishirini na sita Ayuma, mke wa Luseno, aliweka chumba cha wakwe hapa Umoja, na leo vijana wanaopita njia hiyo hawajui hata kilikuwa wapi.

Hakikuwa chumba cha biashara. Kilikuwa nyuma ya nyumba yao, kuta za mawe, mabati juu, na mlango wake peke yake uliofungukia uani. Luseno, fundi wa reli, alikijenga mwaka wa 1984 kwa ajili ya wana wa kiume aliotarajia. Mungu akawapa binti mmoja, Triza, na chumba kikapata kazi nyingine.

Sisi watu wa magharibi tuna mwiko, Waluhya na Wajaluo sawa: mama halali chini ya paa moja na mume wa bintiye. Anaweza kuja mchana, akala, akambeba mjukuu, lakini jua likishuka sharti awe na mahali pengine pa kuweka kichwa. Nyumbani si shida, kwa kuwa boma la jirani liko hapo. Lakini huku mjini, binti akiwa ameolewa kwenye chumba kimoja Huruma, au hata vyumba vitatu Buruburu, mama mkwe aende wapi? Alikwenda kwa Ayuma. Mtu alibisha hodi akasema, "Mama Triza, mkwe wangu anafika Alhamisi," na Ayuma akajibu, "Anakunywa ya maziwa ama ya rangi?" Hakuuliza kingine. Mgeni akiondoka aliacha alichobeba, kuku au mkungu wa ndizi, na asiyebeba kitu hakuacha kitu.

Mamake Rispa, marehemu mke wangu, alilala humo siku arubaini alipoletwa kutibiwa macho. Ayuma alimshika mkono kwenda msalani na kurudi siku zote hizo, kama mama yake mzazi. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba kama kulikuwa na mtu aliyepaswa kumpa Ayuma kitanda siku atakayokihitaji, mtu huyo ni mimi.

Mwaka wa 2010 Luseno alistaafu, wakauza nyumba, wakarudi Khwisero. Aliyeinunua aliibomoa akainua ghorofa sita. Palipokuwa uani sasa wanauza vifuniko vya simu. Mimi nimebaki pale pale, mlango wa pili. Watoto wangu wametawanyika, na Rispa alifariki miaka minne iliyopita. Nina vyumba viwili vyenye vitanda ambavyo hakuna anayevilalia.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, Jumapili baada ya kanisa, Triza alikuja kwangu. Siku hizi ni mama wa watoto watatu, anafanya kazi ya ofisi, ameolewa na Odero huko Buruburu. Aliketi, akatoa simu.

"Baba, wazee wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Nimewaambia waje Nairobi siku tatu wapumzike. Mama asipike, Baba asikame ng'ombe. Nawatafutia hoteli, na Mama amesema nisichague chochote kabla sijaongea na wewe."

Nilielewa papo hapo. Ayuma hakuhitaji ushauri wangu kuhusu hoteli. Alinifungulia mlango ili niseme jambo ambalo yeye hawezi kuliomba, maana kwetu mtu haombi kitanda, hupewa. Lilikuwa jambo fupi: watalala kwangu. Sikulisema.

Nimejiuliza sababu mara nyingi. Moja ni aibu. Nyumba ya mwanamume aliyefiwa ina harufu yake, mapazia yalikuwa hayajafuliwa tangu mazishi, na chumba cha nyuma kilivuja. Ya pili ni mbaya zaidi. Nilikasirika. Huyu mtoto aliyekua akiona wakwe wa mtaa mzima wakiingia na kutoka kwao, sasa ananisogezea simu yenye picha za mashuka meupe na kuniuliza ipi yapendeza. Nikajiambia kama hajui, sitamfundisha. Mimi ambaye kila siku nanung'unika kwamba vijana wameacha njia za wazazi, nilipopewa nafasi ya kuonyesha njia moja, nilivaa miwani na kutazama picha.

"Hizi picha ni za kudanganya," nilimwambia. "Hoteli huchaguliwa kwa miguu."

Jumamosi iliyofuata tukatoka. Ya kwanza ilikuwa kando ya barabara ya Outer Ring, jengo la rangi ya chungwa. Kwenye mapokezi alikaa msichana mwenye kibandiko cha jina kifuani, Jacky, akila njugu.

"Karibuni. Ni ya masaa ama ya kulala?"

Triza alinitazama, akajitazama, akaanza kucheka. "Huyu ni kama babangu. Chumba ni cha wazazi wangu."

"Sijasema kitu, madam. Hata wazazi hukuja," Jacky alisema, akamenya njugu nyingine. "Wazazi ndio hulipa bila kelele."

Tulipotoka nje Triza alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. "Baba, kwani umenileta wapi hapa?"

"Hapa palikuwa duka la mbolea," nilisema. Hapo ningeweza kusema lile jambo. Alikuwa amechangamka, tungecheka pamoja, na ningelitaja kama mzaha tu: ya nini taabu hii na vyumba ninavyo? Nikamfuata tu hadi kwenye gari.

Ya pili ilikuwa katikati ya mji. Nilipajua mahali pale zamani, makarani wa reli walikuwa wakila chakula cha mchana hapo wakiwa na tai shingoni. Tulipanda ngazi hadi orofa ya nne, maana lifti ilikuwa na karatasi iliyosema itatengenezwa, na karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Chini ya sakafu ngoma za klabu zilikuwa zikilia, na ilikuwa saa tano asubuhi.

"Goti la Mama halitaweza," Triza alisema.

"Halitaweza."

"Na hiyo ngoma?"

"Luseno hasikii vizuri siku hizi. Ni Ayuma atakayeumia."

Ya tatu ilikuwa upande wa Ngara. Hapo sikupata kosa, na nililitafuta. Lifti ilipanda. Maji ya moto yalitoka. Niliomba chumba cha nyuma, mbali na barabara, nikafungua dirisha, nikanusa mto, nikaketi kitandani na kuruka kidogo kama mtoto. Kilikuwa kitanda ambacho ng'ombe wawili wangelala bila kugombana. Triza alisimama mlangoni akinitazama kwa upendo, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba alidhani najitaabisha hivyo kwa ajili ya kuwapenda wazazi wake.

"Basi hii, Baba?"

"Hii," nilisema.

Walifika Alhamisi jioni. Luseno alinipigia simu kutoka chumbani, akipaza sauti kama kawaida ya viziwi. "Opicho! Bafu ya huku ina vifungo kama injini. Nimeogopa kuigusa."

"Na Mama Triza?"

"Yuko dirishani. Amekaa tu."

Ijumaa Odero aliandaa chakula cha mchana Buruburu, na mimi nikaalikwa. Nilikuwa nimekwishaketi kwenye kochi, kikombe mkononi, teksi iliposimama langoni. Kutoka dirishani nilimwona Luseno akishuka na fimbo yake. Ayuma hakushuka.

Triza alitoka. "Mama, shuka basi, chakula kinapoa."

Ayuma alikaa ametazama mbele.

Hapa lazima nieleze, maana hata Triza hakuelewa. Mama mkwe hajipeleki mlangoni kwa mkwewe kama mtu anayeuza mboga. Hupelekwa. Anayempeleka ni yule aliyemlaza. Enzi za chumba chake, asubuhi Ayuma mwenyewe alikuwa akivaa kitambaa chake kizuri, akimtangulia mgeni njia nzima, awe anakwenda Huruma au wapi, na akifika mlangoni husema, "Nimewaletea mtu wenu." Ndipo wenye nyumba hutoka kumpokea. Bila hivyo mama ni kama amejitupa.

Na usiku ule Ayuma alilazwa na nani? Na jengo. Mimi nilikuwa ndani, mgeni kama wageni wengine, nikila andazi la Odero. Niliinuka nusu. Ningetoka nikasema nini? Kumtangulia mtu ambaye hakulala kwangu ni uongo, na yeye angeujua uongo huo. Nikabaki hivyo, nusu nimesimama, chai ikinimwagikia gotini.

Ayuma alimwinamia dereva, mwanamume wa makamo mwenye kipara.

"Jina lako nani, baba?"

"Mwangangi, mama."

"Wewe ndiwe umenitoa nilikolala?"

"Ndiyo, mama. Nimekutoa Ngara."

"Basi tangulia. Ukifika mlangoni useme, nimewaletea watu wenu."

Mwangangi alimtazama Triza, Triza akainua mabega. Lakini Wakamba nao wana wakwe, na yule bwana alikuwa na heshima zake. Alizima gari, akafunga kifungo cha shati, akatembea mbele polepole, Ayuma nyuma yake akivuta goti, Luseno nyuma ya Ayuma. Mlangoni alisimama wima.

"Nimewaletea watu wenu," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Na kwa simu mnipatie nyota tano."

Nyumba nzima ilicheka. Odero, aliyekuwa amerudi nyuma hatua tatu kama inavyompasa mkwe, alicheka hadi akashika ukuta. Ayuma naye alicheka. Akiwa bado anacheka aliingia, akatupa macho sebuleni, yakanipata, yakapita.

Tulikula. Kulikuwa na samaki, kuku, na keki yenye namba hamsini. Aliniita shemeji mara tatu, akaniuliza kuhusu wanangu mmoja mmoja kwa majina. Hakuwa na kinyongo cha kuonekana. Mtu asiyetujua angesema tuko vilevile.

Jumamosi alasiri alikuja kwangu peke yake, Luseno amebaki hotelini na mpira wa televisheni. Nilikuwa nimeamka mapema nikafua mapazia. Alisimama kwanza nje akitazama ile ghorofa sita, akihesabu madirisha kwa kidole, kisha akaingia.

"Rispa alikuwa anaweka redio hapa," alisema.

"Iliharibika."

Alitembea akifungua milango kama mtu wa nyumbani. Alipofika chumba cha kwanza alisimama kizingitini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nilikitandika asubuhi ile.

"Mama Triza," nilisema, "leo mlale hapa. Nitamtuma mtu alete mabegi."

Aligusa shuka.

"Shemeji, tumeshapangiwa hadi kesho. Mtoto amejitahidi. Nikihama leo atajua amekosea mahali, na yeye hakukosea."

"Nimekosea mimi."

"Mimi sijasema hivyo."

"Nimesema mimi."

"Nilimtuma kwako Jumapili," alisema, akiwa bado anaitazama shuka. "Jumatatu nikamuuliza, Opicho amesemaje? Akaniambia, Baba amesema tutazitembelea kwa miguu. Nikamwambia Luseno, labda ana wapangaji. Luseno akasema, hana wapangaji. Nikamwambia, basi labda anaumwa, hataki kusema."

"Sikuwa naumwa."

"Naona."

Ningefurahi angenitukana. Badala yake aliniuliza ufagio uko wapi. Nikamwambia aache, akauchukua mwenyewe nyuma ya mlango wa jikoni, akafagia chumba kile chote, chini ya kitanda na pembeni, na goti lake lile. Nilisimama na beseni la takataka kama mtoto aliyeadhibiwa. Alipomaliza alifungua dirisha.

"Chumba kisipolaliwa hufa," alisema. "Laza watu."

Chai alikunywa nusu. Alinisifia hoteli. Alisema kitanda ni kikubwa mno, kwamba kwa miaka hamsini Luseno amekuwa akimpiga kiwiko usingizini, lakini huko alilala upande wake na yeye upande wake, asubuhi wakasalimiana kama majirani. Tulicheka kidogo. Kisha akaniuliza gari la kurudi Ngara linapandiwa wapi siku hizi. Mwanamke aliyeishi mtaa huu miaka zaidi ya thelathini aliniuliza mimi njia, nami nikamwelekeza.

Jumapili asubuhi walipanda basi. Nilifika stendi nimechelewa, au nilijichelewesha, sijui. Tangu hapo Luseno hunipigia simu kila mwezi, na akimaliza humpa Ayuma simu, naye hunisalimu vizuri na kuniuliza kama mvua imefika. Hajasema tena kwamba atakuja Nairobi.

Nilimwambia Triza awaambie watu wa kwetu kwamba nina kitanda cha wakwe, bure. Alitangaza kanisani na kwenye makundi ya simu. Hajaja mtu. Lakini habari za ile hoteli zilienea, kwa sababu Triza alisimulia jinsi nilivyoruka kitandani. Mwezi uliopita Waithera wa duka la unga, ambaye bintiye ameolewa na mtu wa kwetu magharibi, alinisimamisha njiani akaniuliza namba ya hoteli hiyo. Kabla yake aliuliza Andati, na kabla ya Andati wengine wawili. Nawapa. Nawaambia lifti inapanda, maji ya moto yanatoka, waombe vyumba vya nyuma ambako hakuna kelele. Wananishukuru sana. Wanasema ninajua kuchagua.