Kona Aliyoiacha Nyanya

Harufu ya majani ya mwaloni yaliyolowa hunirudisha Mesquite, huko Marekani, kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu, mwaka ule nilipokuwa na kobe na nyanya kwa pamoja.

Kobe nilimwokota barabarani. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyewahi kufuga kadhaa, alituambia akijichimbia wakati wa baridi tumfunike kwa majani mengi na tusithubutu kumwingiza ndani, maana kumwamsha katikati ya usingizi ule kungemmaliza. Novemba kobe akajifukia nusunusu kwenye kona ya fensi. Nikamrundikia majani hadi yakanifika magotini, nikatulia.

Kisha Nyanya akaja kutoka Kenya kumsaidia Mama na mtoto mchanga. Alikuta mashine ya kufua, mashine ya kuosha vyombo, na mtoto mwenye kulala tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hatukuwa nalo, akadai ufagio. Kwao boma lenye majani ni la watu waliohama au la wavivu. Akainama, mkono mmoja mgongoni, akafagia ua wote, akafunga majani kwenye mifuko, na gari la taka likayachukua. Niliporudi kutoka shule mgongo wa kobe ulikuwa wazi kama sufuria iliyosahauliwa nje, na televisheni ilikuwa ikitangaza barafu.

Nililia. "Nyanya, ata-freeze. Atakufa."

"Nani huyo?"

Nikamwonyesha. Alikuwa amedhani ni jiwe, tena alifagia vizuri kulizunguka. Akainama kumtazama.

"Kumbe nimemvua mtu blanketi," akasema.

Akajifunga leso, tukaenda mtaa wa pili ambako gari la taka lilikuwa halijafika na mifuko ya majani ya watu bado ilikuwa nje. Alibeba mfuko wa majani kichwani na mwingine mkononi. Magari yalipunguza mwendo, nami nilitamani ardhi inimeze. Tukamfunika kobe upya, Nyanya akaweka kapu la nguo juu yake, na jiwe juu ya kapu, ili upepo usipeperushe majani.

Barafu ilianguka, ikayeyuka. Nyanya aliendelea kufagia kila asubuhi, ila ufagio ulikomea karibu na ile kona. Akifika hapo alisonya, akageuka. Nilidhani anamchukia kobe wangu.

Kobe alipotoka, udongo umemganda puani, Nyanya alikuwa amesharudi nyumbani. Nikampigia simu.

"Nyanya, ametoka."

"Mzima?"

"Yeah, mzima. Amekula strawberry."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Haya. Sasa nifagilie pale."

Nilicheka sana. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba katika nyumba ile yote, ua ndio pekee uliokuwa wake, na alikuwa amemkatia kobe wangu kipande.