Gitaa la Mjomba Juu ya Mafiga

Juzi paredini mwalimu wa zamu alituuliza tunataka kuwa nani. Kijana mmoja wa kidato cha pili, tai imekaa upande kama ulimi wa mbwa, akajibu kwa sauti: "Mpiga gitaa!" Shule nzima ikapiga makofi. Mimi nilicheka mpaka nikapewa adhabu ya kudeki vyoo. Lakini rafiki yangu, ungelelewa kwa bibi yangu kule Nkoaranga, ungecheka kunizidi, na vyoo tungevideki wote.

Maana mpiga gitaa mimi nimeishi naye nyumba moja. Alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, na sijaona tena binadamu asiye na faida anayejiamini kiasi kile.

Historia yake tuliijua wote, kwa sababu aliisimulia mpaka kwa kuku. Alianza na gitaa la galoni la mafuta na waya za breki za baiskeli. Akaingia kwaya ya vijana, akafukuzwa kwa kuvuta nyuzi mpaka pambio likalia kama paka aliyekanyagwa. Akateremka Arusha mjini kupigia watalii hotelini, kisha akavuka mpaka hadi Nairobi, akakaa huko miaka ambayo hakuna aliyejua anakula nini. Aliporudi nilikuwa darasa la nne. Hakuleta mke, hakuleta hata kilo ya sukari. Alileta koti la ngozi, buti za visigino na gitaa la umeme jekundu kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Akatutangazia kwamba sasa yeye ni mtu wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kulalamikia maisha, ila yeye anauchanganya na roki ili walalamikaji wasisinzie.

"Bluzi haifundishwi," alisema, macho kayafumba. "Inatoka kwa mtu aliyeteseka."

"Basi chukua jembe," bibi akamjibu huku akichambua maharage, "uteseke vizuri."

Asubuhi za kule zilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Moshi ulijaa jikoni, mashine ya jirani ya kumenya kahawa ikikoroma ng'ambo ya migomba, ng'ombe wakidai chakula kama wana mkataba. Mimi nilishapanda kilima na mundu, nikarudi na mzigo wa majani kichwani, umande unanichuruzika mgongoni. Bwana mkubwa amelala. Akiamka, anaifuata loshoro yangu, mahindi yaliyolala kwenye maziwa ya mgando, anakomba bakuli. Ukimwambia akate majani, anakunyooshea mikono. "Mpwa wangu, vidole hivi ni mtaji." Mtaji! Hata kumenya ndizi ulikuwa haujawahi kumenya.

Basi hoteli moja ya mjini ikamwita aende Ijumaa kujaribiwa. Akipita, atapiga kila mwisho wa wiki. Wiki ile hatukupumua. Ijumaa hivi, Ijumaa vile. Jioni moja tu alisema jambo bila mbwembwe, akimwangalia bibi: "Mama, hii nikikosa, kwa umri wangu huu hakuna tena atakayeniita."

Bahati yake, Jumapili kabla ya hiyo Ijumaa ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Kwetu Walutheri kila mtu hupeleka madhabahuni sehemu ya kile mikono yake ilichopata, na baada ya ibada vitu hunadiwa nje ya kanisa. Bibi hakuruhusu mtu wa nyumbani mwake aende mikono mitupu. Yeye alikuwa na mkungu wa ndizi, mimi nilikuwa na mayai. Akamtazama mwanawe anavyokoroma.

"Miaka yote hiyo," alisema, "huyu amevuna hiki tu." Akalifunga gitaa kwenye kanga, akanibebesha.

Mjomba alifika katikati ya mahubiri, buti bila soksi. Gitaa lilikuwa limeshalala kati ya maboga na miwa.

"Mama, hilo ni langu!" alinong'ona, upande wote wa kushoto ukasikia.

"Lilikuwa. Kaa chini."

Mnadani mzee wa kanisa aliliinua juu. "Hiki nacho kinalia? Mwenyewe atuonyeshe!" Umeme hakuna, spika hakuna. Mjomba akafumba macho, akapinda mdomo, akavuta uzi kwa uchungu wote wa Marekani, na ikatoka sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

"Kijana, limekula kweli hilo?" mama mmoja aliuliza. Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Mimi nilikaa kabisa kwenye nyasi.

Jirani wa mashine ya kahawa ndiye aliyelinunua, kwa bei ambayo jogoo angeikataa. Halafu akafanya kama watu wetu wanavyofanya, ukinunua kitu mnadani unaweza kumheshimu nacho mwingine. "Nampa mama yake," alisema, "kwa uvumilivu." Vigelegele. Zawadi ya mnada ni baraka, haikataliwi wala haigawiwi. Gitaa likawa la bibi.

Mjomba alimbembeleza njia nzima. "Ijumaa nitakuazima," bibi alisema. "Mpaka hapo litakaa mahali pa heshima." Mjomba akaamini ni kwenye sanduku chumbani, na jikoni kwa mama yake haingii kamwe, mwanamume mzima.

Mahali pa heshima kwa bibi palikuwa ni dari la jikoni, juu ya mafiga, mahindi ya mbegu yanapopata moshi ili yasiliwe na wadudu. Hakuna kitu chema kuliko mbegu, kwa hiyo gitaa likalazwa nazo. Wiki nzima tulichemsha maharage chini yake. Bibi kila akichochea kuni alitazama juu, akaridhika.

Ijumaa alilishusha mwenyewe, akalifuta masizi kwa ncha ya kanga. "Limekauka vizuri," alisema, amejaa fahari.

Shingo ya gitaa ilikuwa imepinda kama upinde, halipigiki tena. Rangi imefanya malengelenge. Mjomba alifumba jicho moja akaichungulia kama fundi anayepima ubao. Nilijiandaa kwa kelele, kicheko nimekishika mkononi.

"Asante, mama," alisema. "Umelitunza." Akavaa koti, akaondoka nalo.

Nilipokwenda kukata majani nilimkuta ukingoni mwa mfereji, buti kando, miguu majini, gitaa limelala kifudifudi. Hakufika hata barabarani.

"Mwambie bibi yako neno moja," alisema bila kugeuka, "nakukata masikio."

Alirudi wakati wa kukamua. "Wamesema watanipigia simu." Mpaka leo bibi anaamini watu wa ile hoteli hawajui muziki.

Jiko lile limebomolewa, bibi anapikia gesi, mbegu tunanunua za pakiti. Mjomba ana ng'ombe wawili wa maziwa, anaamka kabla ya jogoo, na wanataka kumfanya mzee wa kanisa. Hunipa nasaha kuhusu masomo, ndefu, zenye vipengele. Zamani nilimdharau kwa raha, siku ikapita. Sasa hivi hana hata pa kumshikia nimdharau.

Pasaka iliyopita mgeni mmoja alimwuliza mezani, ujanani alikuwa anafanya nini. Bibi alishafungua mdomo. Mjomba akamwahi.

"Nilikuwa nakaa tu," alisema, akaomba apewe chumvi.