Koti la Pili la Mkuu

Juzi nilikwenda ofisi moja ya Mikocheni kufuata barua ya kiwanja changu cha Bunju. Bila barua hiyo fundi kagoma kuchimba msingi. Dada wa kaunta alibonyeza kompyuta yake, akasubiri, akasonya.

"Imejaa, kaka."

"Nini kimejaa?"

"Kompyuta zetu tano zimeunganishwa, ila leseni ya programu ni ya watu watatu kwa mpigo. Wawili wale pale wanafanya kazi. Wa tatu ni mkuu."

Nikachungulia chumba cha mkuu. Koti lilikuwa kitini, mwenyewe hayupo. Kompyuta yake ilikuwa inawaka chini ya kitambaa cheupe cha kufuma.

"Akishaifungua asubuhi ndiyo basi," dada akanong'ona. "Saa hizi yuko msibani Manzese."

"Si umtoe tu?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia alivae lile koti. "Mie nimtoe mkuu?"

Akavuta taipureta kutoka chini ya meza, na barua ikaisha kabla sijachoka kusimama. Nilikuwa naikunja mkuu alipoingia. Tukamwamkia shikamoo. Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akainua ncha ya kitambaa, akaona programu bado iko wazi, akafunika, akatoka tena.

Miaka yote koti la mkubwa limeshinda kitini likimfanyia kazi, wala halikumsumbua mtu. Sasa tumemwagizia la pili kutoka Ulaya, hiyo programu, na hili linakalia viti vya wenzake.