Bibi Alivyoanua Giaboksi

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini, na bibi harusi alikuja na gari la zamani la kukodi, limeng'arishwa mpaka unaweza kujitazamia meno. Vijana wote wakalizunguka na simu zao. Mwenye gari akawa anajisifu kwamba hata giaboksi imefumuliwa yote, ikaoshwa, ikapakwa rangi. Mimi nikaanza kucheka peke yangu. Waliokuwa jirani na kiti changu walidhani ni mbege, na kweli nilikuwa nimeionja, lakini kilichonichekesha ni bibi yangu, mama yake baba, ambaye aliwahi kuanua giaboksi kama watu wanavyoanua kahawa.

Ngoja nikueleze vizuri. Kwetu Mwika baba alikuwa na pikapu ya Kiingereza, yenye pua ndefu, kuukuu hata kwa wakati ule. Ilibeba ndizi kushuka Moshi na watu kupanda. Ugonjwa wake ulikuwa gia ya pili. Mkifika mlimani inaruka yenyewe, gari linaanza kurudi nyuma, na sisi watoto tunashuka mbio kutafuta mawe ya kuzuia matairi. Shuleni sikuwa hodari, niliishia darasa la tatu, lakini kwa jiwe la tairi hakuna mvulana aliyenishinda.

Basi shangazi akaposwa. Kanisa liko juu ya mlima mkali, na baba alikuwa ameshasema mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake atapandishwa na gari la nyumbani. Upande wa bwana harusi walikuwa watu wa utani. Wakatuma salamu kwamba gari likitusumbua tusione aibu, wao wana trekta. Shangazi akalia jikoni siku nzima, akasema kwenye trekta hapandi, bora azeekee hapo hapo. Baba hakugusa chakula, na siku hiyo ulipikwa mtori wa mifupa, chakula ambacho hata akiwa na homa hakikumshinda.

Zilibaki siku kumi. Baba akamwita fundi wake wa mjini, Singasinga mzaliwa wa Moshi, mpole, aliyependa maziwa yetu ya mgando kuliko soda. Wakaishusha giaboksi kwa kamba na magogo, wakaifungua, wakakuta gia ya pili imekatika meno. Fundi alikuwa na nyingine kwenye stoo yake. Akaagiza kila kipande kioshwe kwa dizeli, kipangwe kwa mstari kama kilivyotoka, na asiguse mtu mpaka arudi Jumamosi kufunga.

Sasa mahali pakubwa pa kuanika vitu nyumbani ni wapi? Ni kichanja cha kahawa. Kahawa ikasogezwa upande mmoja, upande wa pili likatandikwa gunia, na gia zikalala pale kwa mstari, beringi, springi, pete za shaba. Baba alikuwa akiusugua mfuniko na boksi lake kwa msasa, akapaka rangi ya fedha iliyobaki tulipopaka tangi la maji. Jirani akapita, akauliza rangi ya chini ya gari ataiona nani, kuku? Baba akamjibu kuku nao wana macho.

Ijumaa wingu likashuka kutoka mlimani. Kwetu wingu likishuka, mwenye mtoto mgongoni na mwenye mwiko mkononi wote wanakimbilia kichanja, maana kahawa ikilowa imeharibika. Mkubwa aliyekuwa nyumbani ni bibi peke yake, na macho yake yalishachoka. Mikono yake haikusubiri macho. Alizoa kahawa, akazoa gia, springi na kila kitu, akajaza mabeseni mawili, akafunika. Baba aliporudi, bibi akamwambia kwa furaha kabisa, "Nimeianua yote, mwanangu. Hata punje moja haikulowa."

Baba alifunua beseni, akakaa chini kwenye matope.

Jumamosi fundi akafika, akamwamkia bibi shikamoo, akachungulia.

"Mama," akasema, "mwaka huu mmevuna chuma."

Hakuna aliyecheka. Bibi kwa aibu akalichukua lile gunia akalifue mferejini, angalau afanye jambo moja la maana. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Ni mimi, ingawa baadaye baba alizoea kuwaambia watu ni yeye, na nimeshamsamehe. Gunia lilikuwa na madoa! Kila kipande kilikuwa kimeacha mafuta yake, duara na meno yake, kama nyayo za kuku kwenye udongo. Tukalitandika upya, tukawa tunarudisha kila kitu kwenye alama yake.

Zikabaki pete mbili za shaba, mapacha. Fundi akasema kila moja imezoeana na gia yake, ukizibadilisha zitagombana. Akazigeuza, hakuona tofauti. Bibi akanyoosha mkono. Alizipapasa kwa kidole gumba, akazivalisha kwenye gia, akazivua, akazivalisha tena.

"Hii ni ya hapa," akasema. "Hii ya pale."

"Umejuaje, mama?"

"Nimechambua kahawa tangu nina meno ya utoto. Funga."

Wakafunga.

Siku ya harusi shangazi alikaa mbele, kati ya baba na bibi, na sisi nyuma tukiimba. Tulipofika chini ya mlima wimbo ukakatika wenyewe. Baba akakanyaga klachi, akaingiza ya pili, akaishikilia kama kawaida yake. Halafu akaiachia. Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, na ile gia ikakaa pale pale, gari linapanda linanguruma kama ng'ombe aliyeshiba. Shangazi akasema polepole, "Imetulia." Shingo ya bibi ilikuwa ndefu siku ile.

Baba, bibi na shangazi wote wamelala sasa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mibuni imeng'olewa. Mlima ule una lami, watu wanaupanda wakiongea na simu. Mimi kila nikifika pale hunyamaza kidogo, na wajukuu huniuliza kama naumwa.