Saa Mbili Zisizo na Mtu

Binti yangu aliposafiri kwenda New York kusoma, mama yangu alitaka kujua jambo moja tu: mtoto atakaa hewani saa ngapi. Hakutaka ndege ipite hata dakika moja bila mtu wa kuiombea. Akina mama wa kanisa lake, pale Kabiria, Nairobi, wangeomba kwa zamu, kila mmoja saa moja mahali alipo, kisha ampigie simu anayefuata. Mimi nilipewa kazi ya kuandika orodha.

"Ni masaa kumi na tano, Baba," binti yangu alisema. "Imeandikwa hapa kwa tiketi."

Nilimweleza kwamba wenye ndege hujiongezea muda ili wasilaumiwe. Nina tufe la dunia nililonunua mjini kwa muuza vitabu vikuukuu. Nilinyoosha uzi kutoka Nairobi hadi New York, nikaupima kwa rula, nikapata kilomita elfu kumi na moja na mia nane hivi. Ndege kubwa huenda kama kilomita mia tisa kwa saa. Niligawanya mara mbili kuhakikisha. Saa kumi na tatu. Nikaandika majina kumi na matatu.

Ndege iliondoka saa sita usiku, na hadi mchana zamu zilifuatana bila pengo. Mama mmoja wa Kangemi aliomba kabla ya kufungua kibanda chake cha mboga. Mwingine, anayefanya kazi katika nyumba ya watu Loresho, aliomba akipiga pasi. Saa saba mchana nilikuwa nimeketi kwa mama yangu wakati yule wa kumi na tatu alipompigia simu. Wote humwita Shosho, yaani bibi.

"Shosho, mtoto amefika. Sasa wacha nipike."

Mama akaniambia nimtafute mtoto. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikafungua ramani ya safari za ndege kwenye simu yangu. Ndege ilikuwa bado juu ya bahari, ikipigana na upepo wa mbele, ambao uzi wangu haukuupima.

"Bado saa mbili," nikasema.

Mama akavua miwani. "Na sasa hivi imeshikwa na nani?"

"Na mabawa, Mama."

Hakucheka. "Wewe ndiye uliyewaambia waende zao. Piga magoti."

Nilipiga magoti kando ya kochi. Niliomba kwa utaratibu: abiria, rubani, injini ya kushoto, injini ya kulia. Nikasema amina. Zilikuwa zimepita dakika nne.

"Endelea," mama akasema.

"Nimemaliza."

"Ndege imefika?"

"Bado."

"Basi hujamaliza."

Nikarudia rubani. Nikaombea magurudumu, ambayo nilikuwa nimeyasahau, kisha upepo, kwamba upungue au ubadili upande. Kila nilipofumbua jicho kuangalia saa, nilimkuta mama amefumbua yake yote mawili, ananiangalia mimi.

Saa tisa na dakika chache, simu ikalia. Binti yangu aliandika: "Tumefika. Masaa kumi na tano."

Mama aliwapigia akina mama wote kuwajulisha. Kisha akaniuliza mtoto akija likizo atakaa hewani saa ngapi. Nilisema kurudi ni haraka zaidi, kwa sababu upepo husukuma kutoka nyuma.

"Andika kumi na tano," akasema. "Zikibaki, tutashukuru nazo."